Nilimkalisha Mke Wangu Chini ya Taa ya Vifaranga

Nimekosa. Nianze hapo hapo, maana nikizunguka nitaanza kujitetea, na kujitetea nimeshajitetea sana. Nimejitetea kwa ndugu, kwa mchungaji, kwa mashemeji, mpaka nimechoka kuisikia sauti yangu mwenyewe. Mke wangu alikuwa mgonjwa. Akapewa dawa hospitalini, akaanza kupata nafuu. Mimi nikamwachisha dawa, nikamkalisha chini ya taa ya kulelea vifaranga mchana kweupe, mpaka akaungua utosini.

Mmesikia vizuri. Taa ya vifaranga!

Sitaji jina langu. Huku kwetu Vudee, mlimani Upareni, mkisoma mtanijua tu, maana habari hii imeshaingia kila nyumba, ila imeingia vibaya. Wengine wanasema nilimpiga. Wengine wanasema nilimmwagia uji wa moto. Naomba niiseme mwenyewe ilivyokuwa, na sitajipunguzia hata kidogo.

Mimi nafuga kuku. Pia ni mtu wa maneno mengi na hasira za karibu, nakiri. Nikiingia kwenye kikao lazima niongee, na nikiongea lazima nishinde. Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Neema, ndiye aliyekuwa akinimudu. Nikianza kufoka mbele za watu ananiambia taratibu, "Baba Neema, kunywa maji kwanza." Watu wanaangua kicheko, na mimi hasira inanitoka.

Kwenye msaragambo ndiko alikokuwa anasifika. Kwa wasiokujua Upareni, msaragambo ni kazi ya pamoja. Mbiu ikipigwa, kila nyumba inatoa watu na majembe. Iwe barabara imeporomoka, iwe mfereji umeziba, iwe ndiva, yale mabwawa yetu ya kukusanyia maji ya kumwagilia, imejaa tope. Majina yanaitwa. Asiyetokea anatajwa mbele ya wote, na kijiji kizima kinamjadili mpaka msaragambo mwingine. Mama Neema alikuwa anafika kabla hata ya mwenyekiti.

Halafu mama yake akafariki, kule kwao Maore, chini ya mlima. Tulizika, tukakaa matanga, tukarudi mlimani. Mimi nikajua yamekwisha. Kumbe kwake ndiyo kwanza yanaanza!

Hakulia. Laiti angelia, labda ningeelewa. Alianza kuchelewa kuamka. Akaacha kusuka nywele. Akaacha kwenda shamba, maharage yakamezwa na magugu. Unamwita mara tatu ndipo anageuka, na akigeuka anakutazama tu. Binti yetu Neema yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, na nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nashinda bandani na kuku.

"Unaumwa wapi?" namuuliza.

"Siumwi mahali. Nimechoka tu, Baba Neema."

Nikilisikia hilo neno kuchoka, damu inanipanda. Umechoka na nini wewe, na jembe hujalishika mwezi mzima? Nilimwambia hivyo hivyo, jamani. Mtu kafiwa na mama yake mzazi, namwambia hivyo.

Msaragambo wa kwanza hakuja. Nikasema ana malaria. Wa pili hakuja, nikasema mgongo. Wa tatu jina lake lilipoitwa, mtu mmoja nyuma akadakia, "Huyo siku hizi ni mke wa mkuu wa wilaya!" Watu wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Na mimi nilicheka, lakini moyoni niliungua. Nilirudi nyumbani sikumsemesha siku mbili.

Aliyeona mbali ni dada yangu mkubwa, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya kwangu. Alikuja asubuhi moja, akamtazama wifi yake, akaniambia, "Huyu ni mgonjwa, na wewe unamnunia. Inuka tushuke Same." Dada yangu habishaniwi. Tukapanda bodaboda mbili, tukashuka hadi hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, kwangu mimi wa kumzaa kabisa. Alitupokea vizuri. "Shikamoo baba," akaniamkia, nikaitika marahaba. Akakaa na mke wangu muda mrefu, mimi nikiwa nje. Aliponiita ndani akaniambia ni ugonjwa wa sonona. Siyo uvivu, siyo mapepo, siyo kudeka. Akasema kufiwa kumemgusa pabaya na anahitaji matibabu. Akampa vidonge vya kumeza kila siku, akatuonya: nafuu haiji kesho wala keshokutwa, itachukua majuma, na asikatishe dawa bila kuonana naye.

Na kweli. Wiki mbili za mwanzo sikuona kitu. Ya tatu nikamkuta anachana nywele. Ya nne nikarudi kutoka shamba nikakuta kapika makande, ameyaunga kwa tui, ameketi mlangoni ananisubiri. Hakusema mengi, lakini alikula na mimi. Nililia nikiwa bandani. Mungu wangu, tulikuwa tumeshafika hapo! Nilikuwa na nini mimi?

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Ikaingia video kwenye simu yangu. Kuna Mzungu kavaa kofia yenye vitaa vidogo vidogo ndani, na mtu anaeleza kwa Kiswahili kwamba upo mwanga unaoitwa infraredi ya karibu, unapitishwa kichwani, unaamsha ubongo, watu wa sonona wanapona. Nikairudia mara nne. Infraredi! Hilo neno nalijua. Limeandikwa kwenye boksi la taa yangu nyekundu, ile ya bruda, kizimba cha kulelea vifaranga, inayowapa joto. Nikasema, kumbe dawa ninayo bandani na mimi nahangaika na bodaboda!

Siku ya kurudi kliniki nilimweleza daktari, tena kwa mbwembwe. Hakunicheka. Akaweka kalamu chini.

"Baba, huo mwanga upo kweli, na wapo wanaoufanyia utafiti kwa wagonjwa wa sonona. Lakini bado wanaupima. Una mashine zake maalumu, nguvu yake inapimwa, na anayeutumia amefunzwa. Taa ya vifaranga kazi yake ni joto. Ukimsogezea mtu kichwani utamchoma. Nakuomba usijaribu. Tuendelee na vidonge, anakwenda vizuri."

"Sawa, daktari," nikamjibu.

Sawa ya mdomoni! Moyoni nilikuwa nasema, mtoto aliyeniamkia shikamoo sasa hivi anifundishe taa? Mimi niliyekuza vifaranga miaka kumi na tano? Hata njiani kupanda mlima nilikuwa namsema, na mke wangu nyuma ya bodaboda nyingine hanisikii. Kama angenisikia labda angeniambia ninywe maji kwanza.

Hapo ndipo ikapigwa mbiu ya msaragambo wa ndiva. Tope lilikuwa limejaa, mvua ziko karibu, kila mtu mzima atoke. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikamuuliza Mama Neema kama atakuja.

"Nikiweza nitakuja," akasema.

Nikiweza! Nilitaka neno moja tu, nitakuja. Nilishaiona siku yenyewe: jina linaitwa, yeye anaitika, yule mpumbavu wa mke wa mkuu wa wilaya anafumba mdomo. Nikawa na haraka. Vidonge nikaviona vinajivuta, na nikaona vinamlaza mchana. Nikavichukua nikaviweka juu ya kabati, mahali asipofika.

"Kuanzia leo tunatumia mwanga," nikamwambia.

"Baba Neema, daktari alisema nisikatishe."

"Daktari ndiye anayeishi na wewe humu ndani?"



Tukaanza siku ile ile, baada ya chakula cha mchana. Nikawahamishia vifaranga kwenye boksi, nikaweka kigoda katikati ya bruda, nikamkalisha. Taa ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo juu ya kichwa chake. Akakaa, mikono mapajani, macho chini. Mwanamke niliyemuoa kanisani mbele ya watu, nimemweka mahali pa vifaranga, na mimi nimesimama mlangoni naangalia saa kwa kujiona bingwa!

"Unajisikiaje?"

"Kuna joto."

"Joto ndiyo dawa yenyewe. Lakini kichwani, mawazo, unaonaje?"

"Naona afadhali."

Kila siku nilimuuliza, na kila siku alinijibu hivyo, naona afadhali. Nikampigia simu dada yangu kumtambia kwamba wifi yake anaendelea vizuri. Yeye alijua bado tunaendelea na vidonge, na mimi sikumwambia vinginevyo. Kumbe machoni pake kulikuwa kunafifia tena. Makande hakupika tena. Nywele hakuchana tena. Niliyaona hayo, nisiseme uongo, niliyaona. Nikajiambia mwanga unahitaji kuongezwa.

Siku moja kabla ya msaragambo nikaishusha taa. Pingili mbili za mnyororo. Nikamwambia, "Leo ndiyo ya mwisho, kaa vizuri, usiinuke mpaka nirudi." Nilikuwa nikae naye mlangoni kama siku zote. Lakini nikasikia maji ya mfereji yanakata upande wangu. Nikatoka kuangalia, nikakuta jirani yangu kayafungulia kwake, na ile ni siku ya zamu yangu.

Loo! Nilimvaa. Tulibishana pale kwenye mfereji, yeye akitaja babu yake, mimi nikitaja wangu, watu wakaanza kukusanyika. Sijui ilichukua muda gani. Ninachojua ni kwamba sikuondoka mpaka nimeshinda. Aliyarudisha maji, nami nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Harufu nilikutana nayo mlangoni. Harufu ya nywele zinazoungua.

Alikuwa amekaa vile vile. Mikono mapajani! Kichwa kimeinama kidogo, utosini nywele zimesokota, ngozi imeiva na inachuruzika maji. Taa bado inawaka. Niliing'oa na nyaya zake, nikamkumbatia, nikapiga kelele usoni kwake.

"Mbona hukuinuka? Mama Neema, mbona hukuinuka?"

Akanitazama. "Uliniambia nisiinuke mpaka urudi."

"Lakini ulikuwa unaungua!"

"Nilijua naungua," akasema. "Sikuona sababu ya kuinuka."

Jamani. Nimeshasikia maneno mengi katika maisha yangu, na mengi nimeyasema mimi. Hilo halijanitoka mpaka leo, na sidhani kama litanitoka.

Mngedhani basi nimpeleke hospitali saa ile ile. Mtu yeyote angempeleka. Mimi nilimpaka dawa ya meno. Nikamfunga kitambaa. Nikaogopa. Nikawaza, nikishuka naye Same leo, yule daktari atajua, bodaboda watajua, kesho kijiji kizima kwenye ndiva kitajua. Nikasema akae siku moja, itakauka.

Asubuhi nikabeba jembe nikaenda msaragambo peke yangu. Jina lake likaitwa. Nikasema yuko Maore kwao, kuna jambo la ukoo. Nikasema bila hata kumeza mate. Siku hiyo nilichimba tope kwa nguvu za ajabu, mpaka mwenyekiti akanisifia mbele ya watu. Nikasifiwa, na mke wangu yuko ndani anatetemeka kwa homa!

Alilala hivyo siku tatu. Ya nne dada yangu akaja na hotpoti la chakula, kwa ajili yangu mimi, maana aliamini kweli wifi yake amesafiri. Akafungua mlango wa chumbani kutafuta sahani kwenye kabati. Kelele aliyopiga niliisikia nikiwa bandani. Nilipofika alikuwa ameshakifungua kile kitambaa, kimegandana na kidonda, usaha unatoka. Alinipiga kofi. Mimi mtu mzima na mvi zangu nilipigwa kofi, na sikuinua mkono.

"Umemuua mtoto wa watu!" akanililia. "Umemuua kwa sababu ya kuitwa jina kwenye msaragambo!"

Tukashuka. Njia ile na mashimo yake, kila tunaporuka namsikia Mama Neema anaguna. Tulipofika tukamkuta daktari yule yule. Aliniona, akaona kitambaa, akaelewa. Na bado, kwa adabu zake, akaniamkia. "Shikamoo, baba."

 Nilikaa chini pale pale kwenye korido.

Mke wangu alihamishiwa hospitali kubwa. Walisafisha kile kidonda mara nyingi, wakamtoa ngozi pajani wakambandika kichwani. Nywele mahali pale hazitaota tena. Lakini kidonda ndicho kilichokuwa rahisi, waliniambia hivyo wenyewe. Ile sonona iliyokuwa imeanza kuachia ilirudi kwa nguvu, kwa vile dawa zilikatishwa ghafla na kwa yote niliyomtendea. Akakataa chakula. Akamwambia nesi haoni haja ya kuiona kesho. Wakawa wanamlinda mchana na usiku, na mimi nimekaa nje kwenye benchi, sina wa kubishana naye.

Mungu ni mwema, hakufa. Dawa alianzishiwa upya, akawa anakaa na kuzungumza na mtaalamu wa ushauri, na taratibu akaanza kula. Siku ya kuruhusiwa nilikuja na nguo zake, nimezipiga pasi mwenyewe. Nikawakuta kaka zake wawili kutoka Maore wameshafika na gari. Yule mkubwa hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema tu, "Shemeji, tunampeleka nyumbani. Ukitaka kumwona, njoo. Kumchukua, hapana, mpaka aseme yeye."

Nikamtazama mke wangu aseme. Akaingia kwenye gari.

Neema alipofunga shule hakuja Vudee. Aliteremkia kwa mama yake. Nilimpigia simu, akaniambia, "Shikamoo baba," kisha akanyamaza mpaka nikakata mwenyewe.

Nilikwenda Maore baada ya mavuno. Ni safari ndefu kwetu sisi, unashuka Same, halafu unazunguka na mlima kupitia kijiji cha Kisiwani. Mama Neema alinipokea. Akaniletea kiti, akaniletea maji ya kunawa, akaniandalia chakula, kila kitu anachofanyiwa mgeni. Kitambaa kichwani, hakitoki. Nikapiga magoti mbele yake, na kaka zake wanaona, sikujali. Nikamwomba msamaha.

"Nimeshakusamehe zamani," akasema. "Inuka, Baba Neema, usijichafue."

"Basi twende nyumbani."

Akatikisa kichwa. 

"Ulikuwa unaniuliza kila siku kama naona afadhali. Sikuwahi kuona afadhali hata siku moja kwenye ile taa. Nilikuwa nakuogopa. Nilijua nikisema sioni, utafoka. Sasa mimi nirudi nikaumwe mahali ambapo siwezi kusema naumwa?"

 Mimi, mtu wa kushinda kila kikao, nikainuka, nikapangusa magoti, nikaaga.

Tangu hapo nimejifunza mengi, nimechelewa. Sasa najua kuwa mtu wa sonona haamki kwa kuaibishwa. Najua pia ule mwanga daktari hakuukana, aliniambia upo na unachunguzwa na wenye kazi yao, na ni mimi niliyelishika neno moja la kwenye boksi nikajifanya mganga. Nawaomba, wenzangu wafugaji hasa, mnaotumiwa zile video: kabla hujaijaribu kwa mtu wako, mwulize anayemtibu. Na akikuambia hapana, iwe hapana, hata kama ni mtoto wa kumzaa. Dawa yake usiiguse. Akiungua au akizidiwa, mkimbize hospitali wakati huo huo, watu waseme wanachosema. Watu wa ndiva wenyewe, wachache niliowaambia ukweli, walinisikitikia, na yule wa utani wa mke wa mkuu wa wilaya alikuja nyumbani akalia.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Maore. Sikuwa nimewaambia. Nikiwa bado nje ya uzio nikasikia wanawake wanapukuchua mahindi uani, wanataniana, na katikati yao nikasikia mmoja anacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu asiye na shida. Nikasimama. Alikuwa yeye. Tangu tumzike mama yake sikuwa nimemsikia akicheka.

Nilikuwa nimeinua mkono nipige hodi. Nikawaza, nikiingia tu, atanyamaza, ataenda kuniletea kiti. Nikaushusha mkono. Ule mfuko wa maharage niliokuwa nimebeba nikauacha kwenye geti, nikarudi stendi.

Wewe unayesoma, kama una mgonjwa wa namna hii ndani, mchunguze leo anapokujibu. Angalia kama anakuambia anavyojisikia, au anakuambia kile unachotaka kusikia ili usimfokee. Mimi mke wangu aliniogopa kuliko ugonjwa wake, na sasa anapona mbali na mimi.